Moyo wa Mama Mudogo

Mama alikuwa na kansa ya ziwa. Kila wiki tatu, hospitalini, walimutundikia dawa nyekundu kama sharubati ya grenadine, na dokta alituambia wazi: inakula kansa, lakini inaweza kula na moyo, polepole, kabla mugonjwa hajasikia kitu. Kwa hiyo alipaswa kupimwa moyo mara kwa mara kwa eko, ile mashine inayoonyesha moyo ukipiga.

Kipimo cha pili kilionyesha moyo umepunguza nguvu. Dokta akasema, "Ukishuka tena, tutakatisha hii dawa." Mama alisikia neno moja tu: tutakatisha.

Mimi nashona uniforme za shule, na kichwani nilishafungua atelier yangu ya kushona yenye kioo mbele, mama amekaa mulangoni anapokea wateja, nywele zimerudi. Karatasi ya kipimo cha tatu ilipokuja ikisema moyo ni muzuri, niliruka barabarani mupaka wenye pikipiki wakanipigia honi.

Lakini mama alikuwa analala ameketi. Kutoka bombani mupaka nyumbani, alipumzika mara tatu.

"Mama, si karatasi inasema uko muzima?"

Mama mudogo, ndugu yake wa kumufuata, aliyekuwa amekaa naye, akacheka mupaka akashika mbavu. "Ile moyo ni ya kwangu! Moyo ya ngombe! Mupimaji alisema nitazeeka!"

Kumbe ni yeye alienda kulala kwenye eko mahali pa mama, na karte ya mama ya hospitali, kitambaa kichwani. Wanafanana sana, hakuna aliyeuliza.

"Mama mudogo, munamuua!"

"Weye nyamaza. Unataka wamukatishie dawa?"

Mama akanishika mukono. "Mutoto wangu, kansa naigusa na vidole. Hiyo mambo ya moyo, nani ameiona?"

Nikanyamaza siku ine. Nilishona makola upande wa nyuma, nikafumua, nikashona tena. Nilijiambia pengine ni uchovu tu. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilijiambia.

Siku ya dawa, muuguzi alishatundika ile nyekundu na kushika sindano. Mama alikuwa anapumua kama mutu aliyekimbia, naye ameketi tu. Nikasema yote, kwa sauti kubwa, mbele ya wagonjwa wengine. Muuguzi akaweka sindano chini, akaita dokta.

Mama hakulia. "Umeninyanganya dawa," akasema, akageukia ukuta.

Mchana ule dokta mwenyewe alitupeleka kwenye eko. Safari hii mama ndiye alilala. Dokta aliangalia ekrani muda murefu, akirudisha mashine palepale chini ya ziwa.

"Ile nyekundu, basi, tunaikatisha," akasema. "Kuna vidonge vya moyo. Tunaanza leo. Mungekuja mapema..."

"Na kansa, dokta?" nikauliza.

Alichukua pamba, akaanza kupangusa yale mafuta ya kupimia kwenye kifua cha mama, taratibu, mupaka pakakauka kabisa. Mama alikuwa ananiangalia mimi.