Jeep Nyuma ya Ukuta

Kila Jumapili baada ya misa nilivua shati la kanisani nikaingia chini ya jeep ya zamani niliyotaka kuitia moteri kubwa, ya mbio kabisa. Mara mgeni anabisha, mara umeme unakatika, nami nafunika kila kitu. Majirani wakiniuliza itatembea lini, nilikasirika. Mke wangu hakuuliza. Alianika maharagwe juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, na kunipigia stori.

Jumapili moja moteri ikawaka, ikanguruma hadi kuku wakaruka. Mke wangu akapiga vigelegele, halafu akageuka kutazama mlango wa ukuta unaozunguka parseli, kiwanja chetu. Ukuta ule wa mawe ya volkano niliujenga mwenyewe wakati jeep ilikuwa vipande-vipande. Upana wa mlango niliupima kwa chukudu, kile kigari chembamba cha mbao kilichoniletea mawe.

Niliketi chini nikitukana ukuta wangu, nikaapa kuiuza jeep kama vyuma vikuukuu. Nilipomwona mke wangu anaingia nyumbani, nilidhani anaenda kunicheka mafichoni. Akatoka na sururu, kitenge amekikaza kiunoni.

“Papa, usiizime,” akasema, akapiga jiwe la kwanza.