Vifuniko Ishirini Vilivyokataa Kukaa

Saa moja asubuhi, ndoo ya maji iko mlangoni na miyaa, majani ya kusukia, imelowekwa tangu jana. Mama Ukili, kama mtaa mzima unavyomwita, anakunja miguu mkekani, anachambua majani manne na kuanza kusuka. Hatazami mikono. Anamtazama mwandishi, na maneno hayamkauki.

"Andika hivi," anasema. "Kosa lilikuwa la watu wawili."

Mwaka jana mbunifu mmoja, binti wa umri wa mwanawe, alimletea mchoro wa kikapu chenye kifuniko cha mbao. Vilitakiwa ishirini vya maonyesho. Vikipendwa, kazi ingekuwa ya kudumu. Kwa mjane anayeuza vikapu viwili kwa wiki, hiyo si bahati ya kuchezea.

Kikapu cha kwanza kilipokamilika, mbunifu alikipima mdomo kikiwa bado kibichi, akampelekea seremala vipimo. Jamani, kila msusi anajua: miyaa ikikauka, kikapu hunywea, tena si kidogo.

"Nilitaka kumwambia. Akanikatiza, 'Mama, wewe fuata mchoro tu.' Basi nikaufuata."

Wiki mbili baadaye vifuniko vilifika. Hakuna hata kimoja kilichokaa. Mbunifu aliketi sakafuni akalia, na zilikuwa zimebaki siku nne tu.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua. Nilinyamaza kwa hasira, na nilikosea, mwanangu."

Hadi leo roho inamsuta akilisimulia hilo. Kwa shauri la Mama Ukili, walifumua mizunguko miwili ya juu ya kila kikapu na kuishona upya kwa kuipanua, mbunifu akishika shazia, sindano nene ya kushonea vikapu, kwa mara ya kwanza na kujichoma vidole hovyo. Midomo ikachanua, vifuniko vikatulia. Kwenye maonyesho, watu waliulizia hiyo midomo kuliko kitu kingine chochote.

Gazeti moja lilimsifu mbunifu kwa wazo la midomo hiyo. Mama Ukili aliandikwa kwamba ana mikono mahiri.

Mbunifu mwenyewe aliona haya. Alirudi na karatasi tupu, akasema, "Mama, safari hii anza wewe."

Ndicho anachokisuka sasa: kikapu chembamba kiunoni, alichokiwaza mwenyewe. Kikikauka, ndipo mbunifu atakuja kupima na kuchora.

"Miaka thelathini nasifiwa mikono," anasema, akilowesha jani jingine. "Hiki kikitoka vizuri, nataka wanisifu akili."