Mchango Niliouomba Wakati wa Mbalamwezi

"Na wewe mwenyewe umetoa nini?"

Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja wa Katonga, saa mbili asubuhi, akifagia mchanga wa kuanikia dagaa. Nilikuwa nimemsomea kadi ya mchango kutoka juu hadi chini, pamoja na nafasi ya sahihi. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, begi lenye kadi mia moja, na hoja kadhaa kuhusu wajibu wa jamii. Nikamwambia mimi ni mratibu tu.

"Haya, mratibu," akasema, "sogea kidogo. Umekanyaga nilipofagia."

Sababu ya safari ilikuwa paa. Kwetu Gungu, shangazi yangu Mwajuma na wanawake wenzake saba wanaendesha nyumba ya kungojea. Wajawazito wa vijiji vya ziwani visivyo na barabara huja kukaa humo wiki zao za mwisho, ili uchungu ukianza wawe umbali wa bodaboda moja kutoka hospitali, si saa nne za boti. Hawatozwi chochote. Wiki mbili kabla ya safari yangu, upepo ulichukua paa la chumba cha kulala. Mabati machache tuliyakuta kwenye shamba la mihogo la jirani, mengine hatujayakuta mpaka leo, na mbao zote zilikatika.

Mgeni aliyekuwa anasubiriwa ni Nyamwiza wa Mwamgongo. Mwaka uliotangulia, mtoto wake wa kwanza alifia ndani ya boti, katikati ya ziwa, akikimbizwa mjini. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na mkunga alikuwa amemwambia awe mjini si zaidi ya Jumatatu iliyokuwa inakuja. Mjini hana ndugu. Kwa shangazi tulikuwa tayari watu tisa katika vyumba viwili.

Nilimuuliza shangazi kwa nini tusiandike barua kwa mashirika. Akasema barua tatu zimekwisha andikwa, na majibu mawili yalikuwa ya pongezi. Nikauliza ni haki gani kwenda kuwaomba wavuvi, watu ambao kila ripoti niliyosoma chuoni iliwaita maskini.

"Harusi ya binti wa Mama Salma uliwachangisha watu hao hao," akasema. "Na bwana harusi hata humjui."

Hoja hiyo sikuipenda, lakini sikupata kosa ndani yake. Nikaenda kuchapisha kadi.

Jumatano saa tano nilipanda boti Kibirizi, nikitokea Katonga mikono mitupu. Tulikaa juu ya magunia ya unga, kreti za soda na godoro moja jipya ambalo mwenyewe hakuruhusu mtu alikalie. Upande wa kulia milima inashuka moja kwa moja hadi majini, na vijiji vimebanwa chini yake kana kwamba vimeambiwa visubiri hapo. Kila tuliposimama, watu waliingia majini hadi magotini kupokea mizigo. Abiria mmoja akaniuliza naenda Mwamgongo kufanya nini. Nikamwambia kuhamasisha jamii. Akaniangalia, akaangalia godoro, akasema godoro lingefaa zaidi.

Saa tisa na nusu alasiri tukafika. Nilichokiona kwanza ni wanaume. Walikuwa wamejaa ufukweni, wengine wakishona nyavu, wengine wakicheza bao, na boti zote zilikuwa zimevutwa nchi kavu. Nikatoa daftari nikaandika: "Wanaume hawako kazini, siku ya kazi."

Nilipokelewa na Bibi Anastazia, mama mkwe wa Nyamwiza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Nyamwiza mwenyewe alinisalimia ameshika kiuno, akaniletea maji ya kunawa, akaambiwa akae, hakukaa. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Nilikuwa nimetarajia samaki, na uso wangu bila shaka ulisema hivyo.

"Nani amekutuma mwezi ukiwa mpevu?" akauliza Bibi Anastazia.

Akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto kwa nini jua huzama. Dagaa hufuata taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawana haja na taa ya mtu. Wavuvi hukaa nyumbani mpaka giza lirudi. Wiki hii hakuna mwenye kitu, si hapa, si Katonga. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama alikuwa anafagia mchanga mtupu. Nilikuwa nimezaliwa kilomita chache kutoka kwenye mchanga huo.

Nilisema basi nitarudi mjini kesho, nije tena baada ya wiki mbili. Nyamwiza akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi. Nikaliacha wazo hilo.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa kitongoji aliita watu pale penye nyavu. Nikawasalimia kwa Kiha, "mwakeye", kwa lafudhi iliyowafurahisha, kisha nikasoma kadi. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza bwana harusi ni nani. Nikaitazama kadi. Mchapaji wa mjini alikuwa ameacha pete mbili za dhahabu na njiwa kwenye kona, kwa sababu kadi zake zote zina pete na njiwa. Walicheka kwa muda mrefu. Kijana mmoja akajitolea kuwa bwana harusi ikiwa nafasi bado iko wazi.

Kicheko kilipotulia, alizungumza mtu aliyekuwa amekaa pembeni juu ya mtungi wa gesi usiokuwa na gesi. Jina lake Yotham, mvuvi na fundi wa boti, jirani wa akina Nyamwiza.

"Dada, kilichovunjika ni nini hasa?"

"Paa."

"Hapa hukuandika paa. Umeandika mchango." Akaigeuza kadi kuona kama nyuma kuna kitu. "Paa la urefu gani?"

Sikujua.

"Msomi anaombea nyumba ambayo hajaipima," akasema mwingine, na hilo nalo lilichekwa.

Nikapanda jiwe linaloshika mtandao, nikampigia shangazi. Hakuwa na futi, akapima kwa kanga. Akapiga baada ya robo saa: urefu kanga tatu na mkono mmoja, upana kanga mbili na nusu. Nikawatangazia. Bibi Anastazia akafungua kanga yake, mafundi wakaitandika mchangani mara tatu, wakaongeza mkono, na chumba cha Gungu kikaonekana pale, kimechorwa kwa kijiti katikati ya nyavu. Watu wakaanza kubishana. Kwa mara ya kwanza walikuwa hawabishani na mimi.

Yotham akaondoka bila kuaga. Alikwenda kwenye boti moja ya rangi ya kijani iliyokuwa juu kabisa ya ufukwe, mbali na nyingine. Kuku alikuwa anaatamia ndani. Akamhamisha kuku na mayai yake kwenye kikapu, kisha akachukua nyundo na patasi akaanza kung'oa mbao, moja moja, akinyoosha kila msumari na kuuweka ndani ya kopo.

Nilimfuata. Mimi huwa siachi jambo bila kuliuliza. Nikamwambia boti inaonekana nzima.

"Imechoka."

"Imechoka vipi?"

"Kama mtu anavyochoka."

Nilidhani nimemwelewa. Chuoni tulifundishwa kwamba watu wengi hutoa kwa hisani kile ambacho kingewagharimu kukitupa. Nikaandika: "Mbao kuukuu, ishirini na mbili." Nilipoinua kichwa nilimwona Nyamwiza amesimama mlangoni kwa Bibi Anastazia akitazama nyundo ikipanda na kushuka. Akaingia ndani.

Ijumaa alfajiri tulirudi: mimi, Nyamwiza na mumewe, Yotham na wavuvi wanne ambao hawakuwa na kazi mpaka giza lirudi. Mwenye boti ya abiria alitaka nauli zetu lakini mbao hakuzitoza. Alisema mbao ni za wazazi. Mbao zilipangwa katikati, mahali pazuri pa kukaa, na nikampangusia Nyamwiza nafasi. Akasema asante, akaenda kukaa kwenye gunia la mihogo. Nilijisemea kwamba wajawazito wana mambo yao.

Jumamosi nilitumwa Ujiji. Mbao za boti hazipangwi kama za nyumba, alisema Yotham. Nyufa lazima zijazwe pamba iliyolowekwa mawese. Nikaenda kwa Mzee Sudi, mshonaji wa magodoro aliyemfahamu marehemu babu yangu. Kadi nilikuwa nimeziacha nyumbani.

"Shikamoo, Mzee. Nataka pamba ya kuziba nyufa za mbao ishirini na mbili. Hata iliyolaliwa."

"Marahaba. Iliyolaliwa na nani?"

"Yeyote."

Akafikiri. Akaniambia ombi hilo ni la kwanza la maana kuletwa dukani wiki nzima, akanipa magodoro mawili makuukuu ambayo wateja waliyaacha walipochukua mapya. Mawese aliyatoa jirani yake, galoni moja, kwa sharti nirudishe galoni.

Jumapili tulijenga. Yaani wao walijenga, na mimi nilikaa chini nikisokota pamba ya Mzee Sudi kwenye beseni la mawese, tangu asubuhi hadi jua linazama. Shati langu la kwendea usaili wa kazi liligeuka rangi ya machungwa na halijarudi. Shangazi alizunguka nyumba mara kadhaa akitazama juu, kisha akauliza kwa adabu kama mvua haitapita.

"Mama, ubao huu ulizuia ziwa," akasema Yotham kutoka juu. "Mvua ni kitu gani?"

Jumatatu alasiri mvua ilikuja kujibu. Tulisimama wote chumbani tukitazama juu. Lilidondoka tone moja, karibu na dirisha. Yotham akaomba pamba, akapanda akiwa analowa, na halikudondoka tena. Nyamwiza akachagua kitanda, akalala chali, macho kwenye mbao za kijani.

Alikaa chini yake siku kumi na moja. Uchungu ulipoanza ilikuwa saa nne asubuhi, na bodaboda iligombewa na watu watatu. Akajifungua mtoto wa kike hospitalini, mwenye kilo tatu na sauti ya Bibi Anastazia.

Giza liliporudi ziwani, yule mama wa Katonga alifika Gungu bila kuitwa, na ndoo ya dagaa kichwani. Sijui nani alimweleza. Akaitua, akatazama paa kwa muda, akatazama mikono yangu ambayo bado ilikuwa na rangi ya mawese. Swali lake hakulirudia.

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kuchangisha, nililojifunza ni dogo. Pima kwanza. Taja kitu chenyewe kilichovunjika, wala usitaje mchango. Uliza mwezi uko wapi. Na mtu akitoa, usiwe mwepesi wa kuandika alichotoa ni nini.

Hilo la mwisho sikulijifunza safarini. Nililijifunza baadaye sana, Nyamwiza aliporudi kungojea mtoto mwingine, nami nikamwomba radhi kwa kumlaza tena chini ya mbao kuukuu. Akaniambia si kuukuu. Boti ile Yotham alikuwa ameiunda mwaka mmoja tu kabla hajaivunja, na hakuiingiza tena majini tangu siku alipomkimbiza yeye mjini kwa boti hiyo, yeye na mtoto wake wa kwanza.