Sifuri ya Utangulizi

Maswali ya kuchagua jibu hayakunisumbua. Ukibonyeza, mfumo unakupa alama hapo hapo, na ukikosa umekosa, hakuna wa kumnunia. Kilichonikosesha raha ni insha. Kwenye kozi yetu ya ualimu ya mtandaoni, insha tunasahihishiana wanafunzi wenyewe kwa vigezo vya mkufunzi, majina yakiwa yamefichwa. Nisipofikisha nusu, narudia mwaka.

Hapa kijijini Dirma mtandao unashika tu juu ya kichuguu nyuma ya shule ninayofundisha, nami nilikipanda kila mapumziko, chaki bado mkononi. Sikai nikatulia, sili vizuri, nagombeza watoto bure. Mwishowe alama zikaja. Wasahihishaji wawili walinipa vizuri. Wa tatu alinipa sifuri kwenye utangulizi, akakata na kwingine, akaandika: "Unaingia moja kwa moja kama mtu asiye na kwao." Nikaangukia chini ya nusu.

Nilichemka. Mtu gani huyu, anasahihisha insha au anapokea posa? Bahati nzuri rufaa inaruhusiwa: mkufunzi anasoma upya, na msahihishaji aliyepuuza vigezo anakatwa alama zake mwenyewe. Safi, mwosha huoshwa. Nikajaza maelezo yote, mtandao ukakatika kabla sijatuma.

Jumamosi nikaenda mjini Katesh kuituma, simu mkononi. Sokoni nikakutana na mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliyenishika mkono nikaandika herufi. Naye anasoma kozi hiyo hiyo, na akifeli mara hii basi tena, anastaafu bila cheti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Mifugo? Mvua imefika huko?"

Nikajibu moja moja. Ndipo akaanza kulalamika.

"Watu siku hizi hawana hata hodi! Nimesahihisha mmoja, anaanza tu, 'Tathmini ni mchakato.' Mchakato! Hajasalimu, hajauliza hali. Nikampa sifuri."

Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza. Nilitaka kucheka, nikashindwa, na dirisha la rufaa lilikuwa linafungwa jioni ile ile.

"Na wewe, wamekupaje?"

"Bado nasubiri, mwalimu."

Akaniwekea mkono kichwani, pale pale katikati ya wauza vitunguu. "Mungu akupe msahihishaji mwenye haki."

Nikaitika amina, nikabonyeza "Tuma".