Siku Niliyoitwa na Kisima

Nilipokuwa mtoto mdogo kule Timbwani, hakuna kitu nilichokiogopa kama kusikia jina langu mwenyewe. Wakubwa walituambia kwamba visima vya zamani, vile vilivyoachwa mashambani vikafunikwa na majani, vina mwenyewe, naye huwaita watoto kwa majina. Ukiitika "abee", amekupata. Basi nikiitwa nilinyamaza kwanza, nikatafuta ni nani anayeniita, na mara nyingi nilichapwa kwa kukosa adabu.

Miaka ile ilikuwa ya vita. Baba alishinda ng'ambo bandarini akipakua mizigo, mama alikuwa na shamba lake la muhogo, na mimi na mdogo wangu Athumani tuliachwa na Shangazi Mwanakombo, dadake baba. Shangazi hakukana kwamba kisima kina mwenyewe. Ila aliongeza neno ambalo sikulisikia kwa mtu mwingine.

"Jina lako analijua," alisema, "lakini jina la mama wa mtu halijui. Ukiitwa, usiitike wala usikimbie. Muulize, mamako ni nani? Akishindwa, ondoka. Akilitaja, huyo ni mtu, naye amekwama."

Kisha akatufundisha kwa vitendo. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo jipya la taka. Shangazi, mtu mzima na mwili wake, alikaza leso akashuka humo na kuanza kuniita kwa sauti nyembamba. Nilitakiwa niulize jina la mama, nifunge kamba kwenye mti, nilale kifudifudi na kutambaa hadi ukingoni, ndipo nitupe ncha ya kamba na kupiga ukelele. Nikikaribia kwa miguu alinirudisha mwanzo.

"Umeshatumbukia na wewe," alisema. "Sasa tuko wawili humu."

Majirani walicheka. Athumani naye alishushwa shimoni, akafundishwa kujifunga kamba kwapani na kulitaja jina la mama. Kwake ulikuwa mchezo mtamu.

Alasiri moja tulikwenda kuokota kuni katika shamba lililoachwa, mimi nikiwa na kamba ya kufungia mzigo. Athumani alitangulia. Niliinama kuchukua ukuni, na nilipoinuka hakuwapo. Majani yalikuwa yamesimama kimya. Kisha, kutoka chini ya ardhi, nikasikia, "Zuhura."

Haikuwa sauti ya mdogo wangu. Ilikuwa nzito, yenye mwangwi, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Miguu yangu iligeuka yenyewe kuelekea nyumbani. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuuliza.

"Mamako ni nani?"

Kimya. Kisha ile sauti ikasema, "Mamangu si ndiye mamako?"

Mkojo ulinitoka. Hilo halikuwa jina. Lilikuwa jibu la mjanja anayetaka nisogee.

"Mtaje," nikasema huku nalia.

Nikangoja. Nikasikia kikohozi, maji yakipigwapigwa, halafu kilio ninachokijua. "Fatuma. Mama Fatuma. Zuhura, maji."

Nilifunga kamba kwenye mkorosho, nikalala, nikatambaa. Ukingo wa kisima ulimong'onyoka chini ya mikono yangu na udongo ukamwangukia Athumani usoni. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, maji yakimfika kidevuni. Nilimtupia kamba, nikamwambia ajifunge kwapani kama shimoni kwa Shangazi, kisha nikapiga ukelele hadi wanawake wawili waliokuwa wakilima jirani wakaja mbio na kumvuta.

Shangazi hakutusifu. Alimkanda Athumani kwa maji ya moto, na mtoto alipolala aliniita kando.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Rehema," alisema. "Aliniita hivyo hivyo. Nikafanya nilivyoambiwa na wakubwa. Niliziba masikio, nikakimbia nyumbani."

Nikamuuliza lile la jina la mama alifunzwa na nani.

"Nimelitunga mwenyewe. Hofu mlikuwa nayo tayari, nisingeweza kuwaondolea. Nikaona niwape la kufanya nayo."

Athumani alikua, akaoa, na mpaka leo akiwahadithia wajukuu habari ile hucheka, hasa anapofika kwenye jibu lake. Mimi sijaweza kucheka. Maji yale na ule ukingo haviniamshi tena usiku. Kinachoniamsha ni kile kimya baada ya swali langu, maana miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Angalichelewa kidogo tu kulitaja jina, ningaliondoka nikimwacha, na ningalifika nyumbani nikijiona mtoto msikivu.