Gari la Pedeli la Mtawanya Bado Linasubiri Jibu

Anayestahili kuwajibika ni ofisi ya leseni, nami nasema hivyo nikiwa mtu aliyeitumikia ofisi hiyo hadi kustaafu. Katika miaka ya hamsini ofisi iliulizwa swali moja na fundi baiskeli wa Mtawanya, ikaahidi kumjibu, na haikumjibu. Sasa fundi amefariki dunia na tumekwisha kumzika. Kabla sijaendelea, nasahihisha maelezo yaliyotolewa matangani na mgeni mmoja wa heshima, kwamba gari la magurudumu manne la marehemu lilibuniwa na mhandisi wa Kizungu aliyekuja kujenga bandari. Mhandisi huyo aliliona mara moja, akaligonga kwa kidole, akaenda zake. Aliyelibuni, akaunga vyuma vyake kwa moto wa mkaa na kulipaka rangi ya kijani, ni marehemu mwenyewe.

Niseme pia kwamba msiba wenyewe ulikuwa na vicheko kuliko arusi nyingi nilizoalikwa. Marehemu alikuwa Myao, na watani wake Wangoni walifika kwa wingi kutimiza wajibu wao. Jeneza lilipofikishwa chini ya kilima cha makaburini, askari mstaafu mmoja, Mngoni, aliwazuia wabebaji kwa fimbo yake. "Teremsheni kwanza, muwashe mota," akasema. "Huyu hajapata kupanda mlima kwa nguvu zake." Shehe aliinamisha uso, lakini mabega yake yaliyotikisika kwa kicheko yalimfichua. Mimi, ambaye sipendi fujo mazikoni, nililazimika kujifunika uso kwa leso, na waombolezaji wa karibu wakanipa pole nyingi.

Gari lile lilizaliwa kwa sababu ya mke. Bibi huyo aliugua, akapona, lakini miguu haikurudiwa na nguvu. Mumewe alijaribu kumpakia nyuma ya baiskeli, wakaanguka mara kadhaa, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Ndipo fundi akachukua magurudumu manne ya baiskeli, akayaunganisha kwa fremu moja pana, akaweka viti viwili sambamba: cha kulia chenye pedeli na mnyororo, cha kushoto chenye mto wa sufi. Katika mnada wa vyombo vya kampuni iliyokuwa ikifunga shughuli zake alipata mota ndogo ya pampu ya maji. Mota hiyo haikuweza kulisukuma gari peke yake. Ilimsaidia mkanyagaji kwenye mlima na mchanga. Mkono wa mota, breki na honi vilikuwa upande wa mke, kwa kuwa, kama fundi alivyonieleza, mtu hawezi kukaa safari nzima bila kazi akabaki na heshima yake.

Balaa lilianzia kwenye honi hiyo. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu, mkuu wangu wa wakati ule, alinasa mchangani na gari lake la serikali, naye akiwa nyuma anasukuma, fundi na mkewe wakampita taratibu. Bibi akapiga honi kwa adabu. Kesho yake nilikabidhiwa amri ya kulikamata gari mpaka ijulikane ni kitu gani. Likiwa baiskeli, mbona lina mota? Likiwa gari la moto, dereva ni yupi, na leseni yake iko wapi? Nilifuatana na askari wa kulikamata, ambaye ni Mngoni huyuhuyu niliyemtaja.

Msomaji asiye wa huku ajue kwamba mtani akishika mali yako, hukasiriki. Unamtukana kidogo, unatoa fidia, mnacheka. Kwa hiyo niliposoma amri mbele ya banda la fundi, alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia askari.

"Mtani, safari hii umekuja na msomaji wa kukodi?"

"Hii ni amri ya serikali," nikamwambia.

"Nimesikia, bwana karani. Wangoni wamechoka kuiba ng'ombe, sasa wanaiba magari kwa kusomewa."

Askari alikuwa amekunja uso kwa juhudi kubwa. "Wewe Myao, leo sina utani. Nitakufunga."

"Kwa kamba ipi? Hiyo iliyoshika suruali yako?"

Akaingia ndani, akatoka na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, akamtolea askari kama fidia. Hapo askari alikwama. Akiwa kazini hakuruhusiwa kupokea kitu, na akiwa mtani hakuweza kukataa. Alitazama juu, akatazama chini, akasema polepole, "Mpe bwana karani." Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimeshika amri kwa mkono mmoja na jogoo kwa mkono mwingine.

Aliyeelewa kwanza ni bibi, ambaye tayari alikuwa amekaa kwenye kiti chake. "Mume wangu," alisema, "hawa hawatanii. Mtazame karani, hajacheka hata kidogo." Fundi alinitazama, uso ukamshuka. Ijumaa ya wiki ile mwali alikuwa anatolewa ndani huko Mahurunga, na bibi huyu ndiye aliyekuwa somo wake, mlezi wake wa unyagoni. Mwali hatoki bila somo. Bila gari, msichana angebaki ndani, ngoma ingevunjika, na mama huyu angeonekana amemtupa mtoto aliyekabidhiwa. Hakulia. Alisema tu, "Basi twendeni huko bomani. Nani kati yenu anajua kuliendesha?"

Hatukujua. Tuliendeshwa, basi, na watuhumiwa wenyewe: fundi akikanyaga, askari amening'inia nyuma, mimi katikati na jogoo mapajani. Bibi alikuwa na hasira, na hasira yake yote aliielekeza kwenye mkono wa mota. Nimepanda magari mengi ya serikali tangu hapo, na sijapata kwenda namna ile. Wanawake waliokuwa mashambani walidhani ni arusi, wakatupigia vigelegele. Askari aliwapungia mkono. Nilimkanya, akasema alikuwa anajishikilia.

Bomani, Bwana Shauri alitoka na kitabu cha sheria na kuuliza dereva ni nani. Fundi akajibu kwamba yeye anakanyaga. Bibi akaongeza, "Na mimi nashika mota na breki. Bila mimi hapandi mlima, na bila yeye mota inazimika." Bwana Shauri alifungua kitabu, akakifunga, kisha akaketi kwenye kiti cha fundi ili ajionee. "Mwambie akanyage," bibi akaniagiza, "asikae kama mgonjwa." Nilitafsiri kwamba mama anamwomba kwa heshima aanze. Wakateremka mteremko wa bomani kuelekea ufukweni, kofia ya serikali ikabaki hewani, na kutoka chini tukasikia sauti ambayo ofisini hatukuwahi kuisikia: Bwana Shauri anacheka. Walipopanda tena, mota ikinguruma, nywele zake zilikuwa zimesimama wima. Fundi akamuuliza: ni baiskeli au gari? Bwana Shauri akaagiza gari liendelee kutumika kwa sasa, na ofisi itatoa uamuzi. Ijumaa ile mwali alitolewa. Jogoo nilimrudisha mwenyewe.

Baada ya hapo fundi hakupumzika. Aliwapima wateja kama fundi cherehani: upana wa nyonga, urefu wa paja, hata namna mtu anavyopenda kuegemea. Mwenye duka mmoja wa Mikindani alitengenezewa kiti kipana kuliko kitanda changu. Mkulima mmoja wa Kilambo aliwekewa tela la magunia ya korosho. Yote yalitembea chini ya neno moja, "kwa sasa". Niliwakumbusha wakubwa waliofuatana mezani pale, na kila mmoja alisema ataliangalia. Bendera ilibadilika, meza zikabadilika, swali likabaki. Ofisi huogopa kitu kisicho na safu yake daftarini. Haikikatazi wala haikiruhusu. Hukiacha kitembee mpaka aje mtu asiyekumbuka.

Mtu huyo amekuja. Siku chache baada ya mazishi, afisa kijana alifika Mtawanya akalichukua gari la kijani uani kwa kukosa usajili. Mjane, akiwa ndani na eda yake, alimsemesha kupitia dirishani. "Mwanangu, wewe ni Mngoni?" Akajibu, "Hapana, mimi ni afisa." Mama huyo ameniambia kwamba mpaka hapo alikuwa ameshaanza kumtafuta jogoo.

Kwa hiyo, kwa heshima zote zinazostahili, naitaka ofisi ya leseni ifanye mambo yafuatayo na kuyathibitisha kwa barua yenye saini ya mkuu wake: ijibu swali ililoulizwa, baiskeli au gari; ieleze ni nani aliyelikalia jibu hilo na kwa sababu gani; na ilirudishe gari likiwa na mota, honi na mto wake wa sufi. Siku mjane atakapotoka eda, alikute mlangoni. Mkanyagaji amepatikana: ni yule askari mstaafu, ambaye ameanza mazoezi ya magoti, nami nimejiandikisha kukaa nyuma.