Mama Katuni na Mchezo wa Taa

Ukiuliza mtaani kwa Mama Katuni, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha. Lakini ukimkuta dukani ananunua sabuni hutamjua, maana watu hawaijui sura yake, wanaijua sauti. Yeye ndiye mama wa ile familia ya katuni inayorushwa kila Jumamosi jioni: baba mnene asiyesikia la mtu, watoto watatu watundu, na mama anayewapatanisha wote mwishoni. Katuni imetoka ng'ambo, na huko wanaongea lugha yao. Kiswahili wanakitia yeye na wenzake wanne, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kuta zimevalishwa magodoro ili kelele za nje zisiingie. Feni hairuhusiwi, inanguruma. Miaka sita amelitoa jasho mle ndani.

Na kazi yenyewe usiione rahisi. Unavaa visikizio, unakodolea mdomo wa katuni kwenye skrini. Ukifunguka nawe ufungue, ukifumba ufumbe. Neno likizidi linakatwa. Likipungua unacheka kidogo au unavuta pumzi kuziba pengo.

Sasa siku moja ikaja sehemu ya banda kuungua. Baba wa katuni anachoma takataka, moto unakula banda la jirani, na binti yake mdogo ameona kila kitu. Anaambiwa aseme ukweli daima. Haya, anasema. Nyumba nzima inamgeuka! Baba anafukuzwa kazi, bibi anazimia, ndugu hawamsemeshi. Halafu, bila mbele wala nyuma, jirani anafukua majivu anakuta sanduku la dhahabu, anamshukuru baba kwa kumchomea banda, na wote wanacheka. Mama anamkumbatia binti na kutoa somo: "Ukweli ni kitu kizuri, mwanangu. Lakini ukimpenda mtu wa nyumbani kwako, unamfichia."

Mama Katuni akavua visikizio.

"Bosi, samahani," akamwambia mtayarishaji, bwana mmoja ambaye haraka yake inamtangulia mlangoni. "Hapa somo ni lipi? Mtoto aseme au asiseme?"

"Somo ni kwamba muda umekwisha. Mdomo unafumba kwenye 'unamfichia', inakaa vizuri kabisa. Soma, mama."

"Watoto wanasikiliza haya."

"Watoto wanaangalia rangi. Wa kwako si anaangalia kila wiki? Ameharibika?"

Basi akasoma. Mara ya kwanza ikatoka baridi. Mara ya pili akauwahi mdomo. Mara ya tatu akafumba macho, akakiwaza kichwa cha binti yake mwenyewe kifuani pake, na maneno yakatoka matamu mpaka fundi mitambo akasisimkwa. Hiyo ndiyo iliyorushwa.

Binti mwenyewe wanamwita Chiriku, ana miaka minane, na jina hakulipata bure, mdomo haufungi. Nyumbani wako watatu: Mama Katuni, Chiriku, na Babu, yaani baba yake Mama Katuni, dereva wa gari la shule. Mume alishakwenda zake, hiyo ni habari nyingine na haina utamu. Babu ameendesha gari la shule miaka ishirini na saba. Watoto aliowabeba zamani siku hizi wanamletea watoto wao mlangoni, wanamwamkia kwa mikono miwili.

Jumamosi ile waliangalia pamoja. Babu alicheka mpaka akashika mbavu. Chiriku hakucheka. Mama wa kwenye televisheni alipomaliza somo, akageuka.

"Mama, hapo ni wewe?"

"Ni mimi, nani mwingine?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala bila kuambiwa.

Tangu hapo mtoto akanyamaza. Si kuumwa, si kununa, kunyamaza tu. Nyumba ambayo ulikuwa unaomba dakika moja ya utulivu ikawa unasikia bomba likidondosha maji. Mama Katuni akasema ni minyoo, akamnywesha dawa. Jamani, minyoo!

Na mambo mengine yalikuwa wazi mbele yake. Babu akimimina chai alianza kutumbukiza ncha ya kidole kikombeni. Kioo cha pembeni cha gari kiling'oka, akasema ni mwehu mmoja wa pikipiki. Dada wa gari, yule anayewapandisha na kuwashusha watoto, alipokwenda kujifungua, Babu alimwambia mwalimu mkuu asihangaike kuleta mwingine: "Mjukuu wangu anatosha." Chiriku naye, ambaye zamani ulimtoa kitandani kwa kumvuta miguu, sasa alikuwa wa kwanza kuvaa sare, na kiti cha mbele hakumwachia mtu. Kila jambo Mama Katuni alilipatia sababu yake, moja moja. Nani anapenda kumfikiria baba yake mzazi mabaya? Lakini usiku alikuwa anagutuka usingizini bila kujua kwa nini.

Jumanne moja akaitwa studio mapema, akaomba lifti ya gari la shule. Babu alisitasita. Chiriku alimwangalia mama yake kwa jicho la hofu, akapanda mbele. Mama Katuni akakaa kiti cha nyuma kabisa, magoti yamemgusa kidevu, katikati ya mabegi. Asubuhi ilikuwa nyeupe, jua limetoka, hakuna ukungu wala mvua.

"Nyekunduuu!" watoto wakapiga kelele kwa pamoja. Gari likasimama.

"Kijaniii!" Gari likaondoka.

"Tuta! Tuta! Tutaaa!"

Mama Katuni akacheka. Akamwuliza msichana aliyekaa naye, mwenye pengo mbele, "Huu mchezo gani tena?"

"Mchezo wa taa. Tunamwambia Babu kila kitu kilichoko barabarani. Ukichelewa kusema, umetolewa."

"Nani aliuanzisha?"

"Chiriku. Siku ile tuliyogonga toroli la maji. Lakini usimwambie mtu, ni siri ya gari."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akatega sikio, na masikio ndiyo riziki yake. Chini ya zile kelele akaisikia sauti ya mwanawe, ndogo, kavu, haina mchezo hata chembe: "Kulia kidogo, Babu. Tena. Kuna mtu wa baiskeli. Bado. Bado. Ameshapita." Na Babu: "Ahsante, mama." Wiki ngapi mtoto huyu amekuwa akiyabeba haya peke yake? Akaanza kusogea mbele kwa kushikilia viti.

Hakufika. Kwenye njia panda watoto wawili wakagombea zamu, huyu akaita kijani, yule akaita nyekundu, wengine wakadakia, ikawa vurugu tupu. Chiriku akawa analia, "Subiri, Babu, subiri!" na sauti yake ikamezwa. Babu alizungusha kichwa kushoto na kulia, amekunja uso, na mguu wake ukaachia breki.

"Baba, simama!"

Hiyo ilikuwa sauti aliyofundishwa kuitoa tumboni, na ilimfikia. Lori la mchanga likapita mbele ya kioo huku likipiga honi, karibu kabisa, gari zima likatikisika na vumbi likaingia madirishani. Watoto wakang'ang'ania viti. Mmoja alikuwa amejikojolea.

"Zima gari, baba."

Akazima. Akavuta breki ya mkono taratibu, kiungwana, mtu aliyemaliza safari. "Nimeegesha vizuri?" akauliza.

Alikuwa katikati ya barabara.

Mama Katuni aliwashusha watoto wote, akawapanga ukutani mwa duka moja lililofungwa, akawahesabu mara mbili: kumi na mmoja, na Chiriku wa kumi na mbili. Wapita njia wakasaidia kusukuma gari pembeni. Kisha akarudi kwa baba yake.

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia linajitahidi. Naona mwanga, naona vivuli."

"Vivuli! Baba, unabeba watoto wa watu kwa vivuli?"

"Punguza sauti." Akavua kofia. "Mwanangu, muhula umebaki wiki tatu. Nitaacha mwenyewe, kwa heshima zangu. Miaka ishirini na saba sijamkwaruza mtoto hata mmoja. Usinitangaze. Mimi ni baba yako."

Tusimdanganye mtu: alifikiri. Wiki tatu tu, angeweza kupanda naye kila asubuhi, akawa macho yake, na mzee akashuka kwenye gari hilo watu wakimpigia makofi. Huyu ndiye aliyemlea bila mama. Alifikiri hivyo kabisa, na huku lile vumbi la lori bado liko kwenye kope zake.

Chiriku akamvuta nguo.

"Nilitaka kukuambia, mama. Siku ya toroli nilitaka. Halafu Jumamosi ukasema nisiseme."

"Mimi? Nilisema wapi?"

"Kwenye televisheni. Ulisema ukimpenda mtu unamfichia. Nikakuuliza ni wewe, ukasema ni wewe."

"Ile ni kazi, mwanangu. Yale nimeandikiwa, nasoma tu."

"Lakini ulisema vizuri," akasema Chiriku.

Mama Katuni akajikaza kisabuni, akasogea hatua chache mpaka kwenye kizingiti cha lile duka, akatoa simu, akampigia mwalimu mkuu. Alimweleza yote, pale pale, mbele ya mwanawe: macho, toroli, lori, dada wa gari asiyekuwepo. Akasema gari lisipewe tena baba yake, hata kesho, hata kwa saa moja. Mwalimu mkuu akasema anakuja, na wazazi wote wataarifiwa.

Alipokata simu, Chiriku alikuwa anamwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Kwa hiyo Babu humpendi," akasema.

Mama Katuni akafungua mdomo, akaufumba. Watoto ukutani walikuwa wanasikiliza. Babu naye alikuwa amesimama kando ya gari, kofia ameivua, anasubiri jibu kwa heshima zote, uso wake ameuelekeza kwenye nguzo ya umeme akidhani ni binti yake.